Posho Bila Mboga

Neno posho limetembea kuliko wengi wetu. Katika karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo alipewa posho, na mara nyingi posho hiyo haikuwa chakula. Ilikuwa kitambaa au shanga, ambavyo yeye na wenzake walibadilishana njiani kwa mtama, kunde, kuku, viazi au chochote walichokikuta kijijini. Kufikia miaka ya 1920, kwenye mashamba ya walowezi wa Kenya, posho ilikwisha kuwa kipimo: ratili 2 za unga wa mahindi kwa siku, karibu gramu 900, kwa kila kibarua. Nchini Uganda leo posho ni ugali wenyewe. Kenya, kinu cha kusaga unga hujulikana kwa jina la posho. Kwetu Tanzania neno limepanda cheo, limekuwa fedha anayolipwa mtu kwa kukaa kwenye kikao. Ipo hata posho ya semina ya lishe.

Katika safari hiyo kuna jambo lilibadilika ambalo kamusi hazilisemi. Mpagazi wa Tabora alipewa kitu cha kubadilishana, akachagua mlo wake kwa kadiri ya soko alilolikuta. Kibarua wa miaka ya 1920 alipewa mlo uliokwisha kuchaguliwa na mtu mwingine, tena nusu yake tu. Kwa maana katika lugha yetu mlo una sehemu mbili, ugali na mboga. Mboga si majani peke yake. Maharage ni mboga, dagaa ni mboga, nyama ni mboga, hata maziwa ya mgando ni mboga yakiliwa na ugali. Mwajiri alihesabu ugali. Mboga kibarua alijitafutia, akiwa na kipande cha ardhi na muda wa kujitafutia.

Hoja yangu katika makala hii ni rahisi. Historia ya haki ya chakula katika sehemu zetu ni historia ya watu kuhesabiwa posho huku mboga ikiachwa nje ya hesabu. Ukiifuata historia hiyo utaelewa kwa nini nchi inaweza kutangaza kwamba ina chakula cha kutosha na ziada juu, na watoto wake bado wakadumaa.

*

Mahindi ni mgeni aliyepokelewa vizuri mno. Asili yake ni Amerika, ingawa jina tulilompa linamwelekeza India. Yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita katika bahari hii, na kwa muda mrefu yalibaki zao dogo bustanini, la kuchoma na kutafuna kipindi cha kusubiri mavuno makubwa. Bara, chakula kilikuwa mtama, uwele na ulezi. Penye mvua nyingi kilikuwa ndizi. Kwingineko viazi vikuu, maboga na kunde za aina nyingi. Wakikuyu walikuwa na njahi, Wafipa na Wabena walikuwa na ulezi, Wagogo walikuwa na uwele na mtama.

Si haki kusema kwamba mahindi yalishinda kwa nguvu ya serikali tu. Yana sifa zake. Gunzi limefunikwa kwa maganda, kwa hiyo ndege hawalili kirahisi kama wanavyokula mtama na uwele, na familia inayopeleka watoto shule haina tena mtu wa kushinda shambani akifukuza kwerea. Mahindi mabichi huliwa kabla ya mavuno, wakati ghala limebaki mavumbi. Ulezi unadai palizi ya subira na kuvunwa suke kwa suke. Mkulima anayelima mahindi hajapumbazwa. Amepiga hesabu ya mikono aliyonayo.

Lakini mikono hiyo ilipungua kwa sababu. Kodi ya kichwa na ya nyumba iliwatoa wanaume vijijini kwenda kutafuta fedha. Mashamba ya walowezi, reli, migodi na mkonge vilihitaji chakula kinachosafirishika, kinachopimika na cha bei ndogo, na unga wa mahindi ulitimiza masharti yote matatu. Kenya, walowezi walilima mahindi meupe yaliyokuwa na soko Uingereza, na taratibu weupe wa unga ukawa alama ya ubora. Ndivyo ladha ya soko la mbali ilivyogeuka kuwa ladha yetu, hata tukasahau kwamba kuna mahindi ya rangi nyingine.

Vita Kuu ya Kwanza viliharakisha mambo kwa namna ya kutisha. Waingereza waliwakusanya wapagazi wa kijeshi kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani katika Tanganyika. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Madaktari wa jeshi waliutaja unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusu nusu miongoni mwa mambo yaliyowaletea kuhara, hasa wale waliotoka katika nchi za ndizi, ambao matumbo yao hayakuuzoea. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichoacha jina Kariakoo jijini Dar es Salaam. Leo Kariakoo ni soko, na wanaonunua nyanya pale ni wachache wanaojua kwamba jina la soko linatokana na watu walioumizwa na chakula walichopewa.

Wakati huohuo, Ugogo, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata inakumbukwa kwa jina la Mtunya. Mvua ilikuwa na lawama yake, lakini watu wa Ugogo walikuwa wameshazoea miaka ya ukame na walikuwa na njia za kuivuka: ghala, mifugo, ndugu wa mbali. Safari hii njia zote zilikuwa zimefungwa na jeshi kabla mawingu hayajaamua lolote.

*

Mwaka 1926 hivi, wanasayansi walianza kupima miili ya watu nchini Kenya. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa John Boyd Orr, Mskoti aliyekuwa mtaalamu wa lishe ya mifugo katika taasisi ya Rowett huko Aberdeen. Alikuwa amefuatilia jinsi upungufu wa madini katika malisho unavyodhoofisha wanyama, akataka kujua kama hali ni hiyohiyo kwa binadamu. Mwenzake alikuwa John Gilks, mkuu wa idara ya tiba ya koloni. Walipima maelfu ya Wakikuyu na Wamasai, na ripoti yao ilitoka mwaka 1931.

Matokeo yao yalinukuliwa kila mahali. Mwanamume wa Kimasai, aliyeishi kwa maziwa, nyama na damu, alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito, na alikuwa na nguvu nyingi zaidi za misuli. Mkikuyu, walisema, anakula nafaka mno. Ndani ya ripoti hiyohiyo kulikuwa na habari nyingine iliyonukuliwa mara chache: wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi ya mboga ambayo wanaume hawakuyajali, na majani hayo yalikuwa na madini yaliyokosekana katika nafaka. Kwa maneno mengine, watafiti walikutana na mboga uso kwa uso, wakaiandika, wakapita.

Mwaka 1997 mwanahistoria Cynthia Brantley aliurudia uchunguzi ule na kuonyesha jinsi ulivyorahisisha mambo. Mtu anaweza kuongeza kwamba mwili unaopimwa mwaka 1927 una historia. Wakikuyu wengi walikuwa wamepoteza ardhi kwa walowezi, na wanaume wao walikuwa wametoka kubeba mizigo ya vita, kisha wakarudi kulima mashamba ya wengine kwa posho ya unga. Kulinganisha Mmasai na Mkikuyu kana kwamba kila mmoja alikuwa amekaa chini akachagua mlo wake ni kusahau nani alikuwa anagawa.

Orr mwenyewe alikuja kuliona hilo, ila aliliona kwao. Mwaka 1936 alichapisha kitabu kuhusu chakula, afya na kipato nchini Uingereza, akaonyesha kwamba maskini wa Uingereza walikula vibaya kwa sababu hawakuwa na fedha ya kununua maziwa, matunda na mboga. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilianza kukusanya habari za lishe kutoka makoloni yake yote, na ripoti ya kamati yake ikatoka mwaka 1939. Ripoti ilikiri kwamba utapiamlo umeenea, na umaskini ukatajwa. Lakini ujinga wa wenyeji na mila zao ulipewa nafasi kubwa. Mskoti mwenye njaa alikosa kipato. Mwafrika mwenye njaa alikosa elimu. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu anayekosa kipato anadai, na anayekosa elimu anafundishwa. Hadi leo mabango ya lishe vijijini kwetu yanafundisha.

Wakati huo daktari mmoja alikuwa amewasikiliza akina mama. Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika mwaka 1933 kuhusu watoto waliovimba miguu, nywele zikabadilika rangi na ngozi ikabanduka. Walikuwa wameachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi peke yake. Mwaka 1935 aliupa ugonjwa huo jina alilolikuta kwa Waga wenyewe, kwashiorkor, maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake anapozaliwa. Sisi tukauita kwashakoo, au unyafuzi. Jina hilo limebeba uchunguzi mzima: mtoto, mama, mimba inayofuata, na bakuli la uji usio na kitu kingine.

Sayansi ilieleza baadaye kile ambacho wapishi wa dunia walikwisha kukijua. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, na vitamini yake ya niasini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati kirahisi. Watu wa Mexico, ambako mahindi yamelimwa kwa maelfu ya miaka, huyachemsha kwa maji ya chokaa, na hapo niasini hufunguka. Mahindi yalivuka bahari, ujuzi huo haukuvuka. Lakini kwetu kuna makande na kwa Wakikuyu kuna githeri, mahindi na maharage katika chungu kimoja, na maharage yana laisini ile ile ambayo mahindi hayana. Hakuna afisa aliyewafundisha. Kibarua aliyepewa ratili 2 za unga hakupewa maharage ya kutosha kupika makande.

*

Oktoba 1945, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilizaliwa mjini Quebec, na mkurugenzi wake mkuu wa kwanza akawa John Boyd Orr. Mwaka uliofuata alipendekeza bodi ya chakula ya dunia, itakayotuliza bei, itakayoweka akiba na kuwapelekea wenye njaa ziada ya wenye shibe. Marekani na Uingereza zilikataa. Orr aliondoka mwaka 1948, akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949. Mtu aliyewahi kupima Wakikuyu kwa mizani alikuwa sasa anasema kwamba njaa ni suala la madaraka, na wenye madaraka wakampa nishani.

Tarehe 10 Desemba 1948, Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipitishwa, na kifungu chake cha 25 kikataja chakula ndani ya haki ya kila mtu ya kuwa na maisha yanayofaa kwa afya yake na ya familia yake. Uingereza ililipigia kura azimio hilo ikiwa mtawala wa Kenya, Uganda, Zanzibar na Tanganyika, ambako posho ilikuwa bado inapimwa kwa ratili. Mwaka 1966 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni ulikwenda mbele zaidi. Kifungu chake cha 11 kina mambo mawili ambayo ni rahisi kuyachanganya: haki ya chakula kinachofaa, na haki ya kutokuwa na njaa. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1972, Tanzania mwaka 1976.

Kutokuwa na njaa ni haki ya posho. Chakula kinachofaa ni haki ya posho na mboga. Kwa miaka mingi serikali na wafadhili walishughulika na ya kwanza, wakiamini ya pili itajileta.

*

Tanzania huru ilianza na nia njema. Mwaka 1973 Bunge lilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huohuo mamilioni ya watu wazima walikaa katika vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya. Kisha ukame ukapiga, vijiji vikawa vinahamishwa, na katika miaka ya 1974 na 1975 nchi ikalazimika kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ikatangazwa. Serikali yoyote iliyoponea chupuchupu namna hiyo ingetaka kitu kimoja: magunia. Mbegu bora na mbolea zikapelekwa mikoani kwa bei ya ruzuku, na bei moja ya mahindi ikalipwa nchi nzima, hata kwa mkulima wa mbali ambaye gharama ya lori ingemfilisi. Nyanda za Juu Kusini zikawa ghala la taifa. Mijini, Shirika la Taifa la Usagishaji liliuza sembe kwa bei ya ruzuku hadi ruzuku hiyo ilipofutwa mwaka 1984.

Sembe ni unga uliokobolewa, uliotolewa kiini na pumba pamoja na mafuta na vitamini zake nyingi. Dona ni unga wa mahindi mazima. Ruzuku iliufanya weupe upatikane kwa mtu wa kawaida, na dona ikabaki chakula cha shule ya bweni, cha jela na cha mwisho wa mwezi. Unga wa mahindi ya njano ulipokuja kama msaada kutoka nje, watu waliuita Yanga kwa rangi ya jezi, wakaula huku wakinung'unika. Aliyepewa alionekana hana shukrani. Lakini mtu aliyefundishwa kwa nusu karne kwamba ubora ni weupe ana haki ya kushangaa anapopewa njano.

Mimi ni mtoto wa Njombe, kwa hiyo habari hizi sizisomi kwenye majalada tu. Bibi yangu mzaa mama alikula ugali wa ulezi utotoni. Nilipomuuliza kwa nini waliuacha, hakusema habari ya ladha. "Mjukuu wangu," alisema, "ulezi haukuondoka wenyewe. Mbolea ilikuja kwa ajili ya mahindi, gari la ushirika lilikuja kwa ajili ya mahindi. Sasa ulezi ungekwenda na nani?" Nikamuuliza kuhusu mboga. Akanihesabia majani kumi na kitu kwa Kibena, mengine sina jina lake kwa Kiswahili, na kwa kila jani alitaja mahali lilipokuwa linaota: kandokando ya shamba, kwenye shamba lililopumzishwa, bondeni. Mahali hapo pote leo ni mahindi, viazi, miti ya mbao na parachichi.

Njombe ilipokuwa bado sehemu ya Mkoa wa Iringa, palitokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa lishe duniani hulisoma, na ambalo sisi tuliokulia pale tunalijua kwa nadra. Kuanzia mwaka 1983, serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, waliendesha mpango wa lishe katika vijiji 168. Kiini chake kilikuwa mizani. Safari hii mizani haikuwa ya mtafiti anayekuja, anapima, anaondoka na daftari. Wanakijiji waliwapima watoto wao wenyewe, matokeo yakapelekwa kwenye serikali ya kijiji, na kijiji kikalazimika kujiuliza: kwa nini huyu amepungua, na tufanye nini kwa tulichonacho? Kisha baada ya miezi michache wanapima tena.

Majibu waliyoyapata hayakuwa ya magunia. Mara nyingi chakula kilikuwepo. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri, mtoto akala mara mbili kwa siku uji mzito ambao tumbo lake dogo halikuweza kuumaliza. Au mtoto alikuwa na malaria na minyoo. Ufumbuzi mmoja ulitoka kwenye ujuzi wa zamani wa pombe: kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa. Kijiko kidogo cha unga wa kimea hulainisha uji mzito, mtoto akaweza kunywa chakula kingi zaidi katika bakuli lilelile. Ulezi, uliofukuzwa shambani, ulirudi kupitia mlango wa jikoni. Kati ya mwaka 1984 na 1988, kiwango cha watoto wenye upungufu mkubwa wa uzito kilishuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2.

Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1990 UNICEF ilichora mchoro wa sababu za utapiamlo unaotumika hadi leo. Unasema lishe ya mtoto hutegemea chakula, malezi na afya kwa pamoja, na nyuma ya hivyo vitatu kuna ardhi, kipato, kazi za mwanamke na siasa. Ni mchoro uliohama kutoka kwenye ujinga wa mama kwenda kwenye wajibu wa wengine. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa mwaka 1989, ulikuwa umetaja chakula chenye lishe na maji safi waziwazi. Lishe ikaanza kuzungumzwa kama haki, na sehemu ya mazungumzo hayo ilizaliwa kwenye mikutano ya vijiji vya Iringa.

*

Sasa tuitazame Iringa ya leo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliona kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mkoa ulioongoza kwa udumavu ni Iringa, asilimia 57. Njombe na Rukwa zinafuata, kila mmoja karibu nusu ya watoto wake. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi. Malori yanayoshuka Kitonga yakiwa na magunia yanatoka kwenye nyumba ambazo mtoto mmoja katika kila wawili ni mfupi kuliko anavyopaswa kuwa, na udumavu wa miaka 2 ya kwanza ni vigumu mno kuurudisha nyuma.

Mijini picha ni nyingine, lakini ugonjwa ni wa ukoo mmoja. Mchumi Barry Popkin aliita hali hii mpito wa lishe mwaka 1993: nchi maskini zinapoingia sokoni, mafuta, sukari na vyakula vya viwandani hushuka bei kuliko vyakula vingine. Kwetu mafuta ya mawese ya Asia na ngano ya kutoka nje vimeweka chipsi na maandazi kila kona. Mtu anayetoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku hana muda wa kuchambua mchicha wala mkaa wa kuchemshia maharage saa 2. Chipsi ni kibarua kinachomsubiri tayari. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na katika mwaka huohuo asilimia 34 ya watoto walikuwa wamedumaa. Mara nyingine mama na mtoto hao wanakaa nyumba moja. Hawakula kupita kiasi huyu, na kidogo huyu. Wote wawili wamekula posho.

Serikali zetu bado zinahesabu kwa namna ya mwenye shamba la walowezi. Kila mwaka Tanzania hutangaza kiwango chake cha kujitosheleza kwa chakula, na kwa miaka mingi kimekuwa juu ya asilimia 100. Kipimo ni tani za nafaka, na mazao mengine hugeuzwa kuwa thamani ya nafaka ili yaingie kwenye jumla. Kenya imekwenda mbali zaidi kisheria. Katiba yake ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kuwa huru dhidi ya njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, na kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe. Hata hivyo, uchaguzi wa mwaka 2017 ulipokaribia, haki hiyo ilikuja kama pakiti ya kilo 2 za unga kwa shilingi 90, na mwaka 2022 kama pakiti hiyohiyo kwa shilingi 100. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haitaji chakula kama haki. Zanzibar ilijitungia sheria ya uhakika wa chakula na lishe mwaka 2011.

Nimewahi kuambiwa darasani kwamba hii ni hoja ya mtu aliyeshiba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, mwenzangu alinikumbusha. Kwanza watu washibe, mboga baadaye. Naiheshimu hoja hiyo, maana njaa ya 1974 haikuwa nadharia. Mwaka wa njaa, gunia ni uhai, na anayelipeleka gunia asidharauliwe. Lakini historia inaonyesha kwamba ile "baadaye" haiji yenyewe. Iringa ilishiba. Ilishiba miaka 40. Mtoto wake hakuweza kusubiri, kwa sababu mwili hujengwa katika siku 1000 za mwanzo na haurudi nyuma kungojea sera.

Haki ya lishe si haki ya kupelekewa chakula kizuri na mtu mwema. Ikiishia hapo, ni posho iliyoboreshwa. Mwaka 1999 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa 1966 ilieleza kwamba chakula kinachofaa kina kiasi na ubora, ni salama, na kinakubalika katika utamaduni wa mlaji. Kwa lugha ya nyumbani, maana yake ni mama kuwa na ardhi ya mboga na si ya kuuza tu. Ni kuwa na saa za kumlisha mtoto wake mara nne, maji karibu, na zahanati yenye dawa. Ni mbolea na utafiti kwa ulezi na kunde kama kwa mahindi. Ni shule inayopika makande badala ya ugali na maji ya maharage. Na ni wanakijiji kurudishiwa mizani, pamoja na haki ya kuuliza kwa nini.

Katika kila nyumba ya Tanzania, jioni inapoingia, kuna swali huulizwa kabla ya mengine yote: leo mboga nini? Hakuna anayeuliza ugali upo au haupo, na siku likiulizwa hilo kuna msiba. Swali la mboga ndilo linalotambua kwamba kula kuna kesho yake. Basi safari ijayo waziri atakaposimama Dodoma kutangaza kwamba ghala limejaa, tusipige makofi haraka. Tumwulize kwa heshima zote kama mtoto anavyomwuliza mzazi: sawa mheshimiwa, na mboga nini?